Paka Wawili wa Ufukoni

Mjukuu wangu mkubwa anatengeneza pikipiki za watu hapa uani, na kila siku namwambia: nawia nje, usiniletee grisi ndani. Hanisikii. Juzi kaingia na mikono yake myeusi, kakaa mkekani na wadogo zake mbele ya televisheni, na televisheni yenyewe inaonyesha katuni. Paka wawili wanagombea jike. Mmoja kampiga mwenzie na sufuria mpaka sufuria ikachukua sura ya kichwa, masikio na yote. Watoto wakagaagaa kwa kicheko. Harufu ya grisi ikanipanda puani, na kicheko kile kikaniingia masikioni, vyote kwa wakati mmoja, nikainuka nikaenda kukaa kibarazani. Wananiona bibi mkorofi asiyependa raha. Waache wanione hivyo.

Nyinyi wa rika langu, mliokulia Mtwara wakati bandari inajengwa, mnalikumbuka gari la sinema. Nilikuwa binti mdogo, meno ya mbele yameshang'oka. Mama alibaki Mpapura na mihogo yake na mikorosho yake, mimi nikapelekwa Ufukoni kukaa na mdogo wake, Mama mdogo Somoe, eti nimsaidie kazi. Kusaidia gani! Kazi yangu ilikuwa kula. Mama mdogo alichemsha ming'oko, ile mizizi ya porini tunayoitafuna kwetu, akaitia chumvi na ndimu, akakaa nayo njiani wanakopita vibarua wa bandarini. Alikuwa mwanamke wa kucheka. Akicheka hujiziba mdomo kwa kiganja, mabega yakitikisika, na wanaume walirudi kununua tena ili wakione tu kile kiganja.

Wawili kati yao walizidi. Mmoja ni Mfaume, Mmakonde mwenzetu, mkwezi wa minazi, mpole, maneno anayatoa kwa kupima. Maji ya madafu yalikuwa yamemwachia madoa shati zima. Wa pili ni Chande, Myao, utingo wa lori lililokuwa likibeba mawe ya bandari. Huyo alikuwa na domo! Alifika akipiga mluzi, kaptula inang'aa grisi, na kabla hajanunua ameshamtukana Mfaume, na Mfaume ameshamrudishia, na watu wameshajaa kusikiliza.

Myao na Mmakonde ni watani. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Kwa wageni nitasema hivi: mtani atakutukana, atakuchukulia kofia, atakumwagia maji, na ukinuna wewe ndiye mwenye makosa. Na siku ukifa, yeye ndiye atakayekuja kukucheza msibani. Atavaa nguo zako, ataiga mwendo wako, atasema maneno ambayo mtu mwingine akiyasema atapigwa, ili waliofiwa wacheke kidogo katikati ya machozi. Ndivyo tulivyozikana miaka yote, na sikuwahi kuona ubaya wake mpaka siku ile.

Basi gari la sinema likaja jioni moja, likasimama mbele ya ghala la korosho. Wakaangika shuka jeupe ukutani, injini ikaanza kunguruma, na bwana mmoja mwenye kipaza sauti akatueleza kirefu namna ya kuchimba choo. Tukavumilia. Halafu, bila hodi, pakatokea paka jike mweupe, utepe shingoni, kakaa dirishani anajipaka poda. Chini ya dirisha wapo paka dume wawili, mweusi na wa madoa. Mweusi kaleta samaki, wa madoa kaleta maua. Loo! Mweusi akamvutia mwenzie zulia, wa madoa akaporomoka ngazi zote mpaka kisimani. Akatoka bapa kama chapati. Akatia kidole gumba mdomoni, akajipuliza, akafura, akawa mzima kama alivyokuwa. Akaanza kukwea nguzo kulifuata dirisha. Mweusi akaipaka nguzo mafuta. Wa madoa akateleza, akatumbukia ardhini, likabaki shimo lenye masikio mawili. Akachungulia shimoni, nyota zinamzunguka kichwa, akatoka akajikung'uta vumbi.

"Watani hao!" Aliyepiga kelele ni Bi Asumini, jirani yetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo. "Nawaambieni hao ni watani! Mmoja Myao, mmoja Mmakonde!"

Uwanja mzima ukalipuka. Watu wakageuka kumtazama Chande na grisi yake, wakamtazama Mfaume na shati lake la madoa, wakageuka kumtazama Mama mdogo. Kuanzia hapo, mpaka kesho yake, mpaka mwisho wa yote, Chande akawa Mweusi na Mfaume akawa Madoa.

Mimi nilikuwa na swali langu. Nikamvuta Mama mdogo kanga. "Mbona hafi?"

"Nani?"

"Yule paka. Kaanguka kisimani, kaanguka kwenye nguzo. Mbona hafi?"

Alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Atakufaje, mwanangu? Si watani hao? Mtani hamuui mtani."

Nikalishika neno lile kama aya ya chuoni. Lilinitosha kabisa. Nikaelewa kwamba kuna watu wa kuanguka na kufa, kama marehemu babu, na kuna watani, ambao wakianguka wanajipuliza kidole.

Mwishoni jike akambusu wa madoa, wakaondoka chini ya mwavuli mmoja, shuka likaingia giza. Watu wakashangilia. Chande alikuwa amechutama nyuma yetu. Akanisogelea sikioni, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake ikiwa haina mzaha.

"Binti, yule mweusi kaenda wapi?"

"Yupi?"

"Yule aliyekosa. Mbona hawakumwonyesha?"

Nikamwambia sijui. Nilidhani anasikitika kwa kuwa picha imekwisha, maana mimi pia nilikuwa nasikitikia hilo.

Baada ya sinema ile, pale penye ming'oko pakawa sinema ya kila siku. Chande akapaka grisi gogo analokalia Mfaume, Mfaume akanyanyuka na matako meusi, watu wakaanguka kwa kicheko. Mfaume akamtilia Chande kaa hai kwenye kopo lake la sukari. Chande akamvuta benchi, Mfaume akakaa chini puu, akatia kidole mdomoni na kujipuliza mashavu. Mama mdogo alicheka mpaka akaomba maji. Nami nilihesabu hayo kuwa ndiyo mapenzi. Nilijua jike hukaa dirishani, na madume huangushana, na mwisho wake ni mwavuli. Hata watu wazima walijua hivyohivyo, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na udhuru wa utoto.

Fahali wawili hawakai zizi moja, na siku ikafika. Wote wawili walipeleka posa kwa Mjomba wetu kule Mpapura, maana kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Mjomba akamwuliza mwenyewe Somoe. Mama mdogo akajiziba mdomo, akacheka, akasema, "Madoa." Habari ilimkuta Chande njiani, mbele za watu. Akacheka kuliko wote. Akajibwaga chini, akajinyoosha kama maiti, akatoa ulimi. "Mweusi kafa jamani! Nizikeni!" Watu wakambeba mzegamzega mpaka kwenye lori lake. Nilikimbia pembeni yao nikishangilia, na nilipomwona usoni alikuwa amefumba macho na kope zimelowa. Nikadhani ni jasho.

Ijumaa ya harusi Chande mwenyewe ndiye aliyeleta mchele na viti kwa lori, alfajiri, bila kuombwa. Watu wakasema, huyo ndiye mtani. Lori liliegeshwa chini ya mnazi mrefu uliokuwa uani kwetu, naye akapanda juu ya mzigo kufungua turubai, akakaa kule juu muda, anapiga mluzi wake. Kisha akashuka, lori likaondoka. Hakuna aliyemtilia shaka, kwa nini amtilie? Mnazi ule ulichongwa vidato, yale mapengo ya kutia mguu, kuanzia chini mpaka kwenye makuti.

Mama mdogo alikaa ndani, mikono na miguu ina hina mbichi, haruhusiwi kushika kitu. Walimweka karibu na dirisha apate upepo. Mfaume alipofika na watu wake, Chande akasimama katikati ya uani, mikono kiunoni.

"Bwana harusi! Wee Mmakonde! Unatuolea kwa kiu hii? Watani hatugusi wali wako mpaka utuangulie madafu kwa mkono wako!"

"Kweli! Kweli!" Bi Asumini akadakia, na vigelegele juu. "Panda, Madoa! Bibi harusi anakutazama!"

Na mtani akidai, unafanyaje? Ukikataa umeharibu harusi yako mwenyewe. Mfaume akacheka, akavua kanzu, chini amevaa lile shati lake la kazi. Akasema ni dakika tu, alikuwa anapanda minazi kama nyinyi mnavyopanda kitandani. Akaivua kofia yake, mpya, ya viua, akanipa mimi.

"Nishikie, binti. Usiikalie."

Nikamwangalia Mama mdogo dirishani, kichwa kimeegemea mbao, anacheka bila kujiziba mdomo kwa sababu ya hina. Nikasema moyoni: hii ndiyo picha yenyewe. Jike dirishani, madoa kwenye nguzo, mweusi chini. Nilifurahi jamani. Sijawahi kufurahi vile tena.

Alipanda kwa haraka, alipita vidato vya chini, akapita urefu wa paa. Akafika pale panapofikiwa na mkono wa mtu aliyesimama juu ya mzigo wa lori. Nikaona mkono umeshika, umeteleza, umeshika tena. Akatazama kiganja chake. Halafu miguu yote miwili ikaachia, akaja kwa kisogo, akapiga jiwe la kufulia.

Tulicheka. Sitaficha wala sitapamba, uani kote, wanawake kwa wanaume, tulicheka mpaka kuku wakaruka. Mtu mmoja akaupapasa mnazi, akanyanyua vidole vyeusi. "Grisi! Mweusi kapaka grisi!" Kicheko kikaanza upya. "Inuka, Madoa! Inuka, wali unapoa!" Nikaruka juu na kofia mkononi, napiga kelele kwa sauti yangu yote, "Jipulize! Jipulize!"

Chande akamwendea, anacheka bado. Akachutama. Akaushika mkono wa Mfaume, akakitia kidole gumba cha mkono huo mdomoni mwa Mfaume mwenyewe, akageuka kututazama. Watu wakashikana mabega kwa kicheko. Kidole kikatoka, mkono ukaanguka mchangani. Chande akautazama ule mkono, na hakuunyanyua tena.

"Jamani," Bi Asumini akasema, "mbona kimya?"

Kicheko kilikufa kidogokidogo, wa mbele wakinyamaza na wa nyuma wasioona wakiendelea. Mama mdogo akatoka mbio. Alama ya kiganja chake, nyekundu, ilibaki kwenye mlango ule miaka mingi.

Mzaha mzaha hutumbua usaha, wahenga walisema, na wahenga waliyasema hayo ili wapate la kusema baadaye. Wazee walikaa barazani. Kuna aliyetaja grisi. Mjomba akatikisa kichwa. "Mnazi umeua wangapi? Mungu kapenda. Na utani hauna kesi." Wakaafikiana. Waliomwosha walitoka kuomba sabuni, wakaomba majivu, wakaomba mafuta ya taa, maana grisi haitoki kwa maji matupu. Haikutoka yote. Harufu ilijaa nyumba nzima pamoja na harufu ya karafuu na hina, na wali wa harusi ukapakuliwa kwenye sinia zilezile, ukaliwa msibani.

Kabla ya jeneza kutoka, watani wakataka kufanya kazi yao. Wazee wa Kiyao wakamfuata Chande, amejibanza nyuma ya jiko.

"Wewe ndiye mtani wake wa karibu. Nani mwingine atamcheza?"

"Siwezi, baba."

"Huwezi nini? Unataka azikwe kama hana watu?"

Bi Asumini alikwisha kunipokonya kofia. Lile shati la madoa lilikuwa limetupwa kwenye kamba. Wakamvika vyote viwili. Haya sikuyaona, nilisimuliwa ukubwani. Mimi nilikuwa nimelala na njaa pembeni ya ghala la kuni, na nilipozinduka nilichungulia, nikaona kofia ya viua. Nikaona shati. Nikaona ule mwendo wa Mfaume, kifua mbele, mikono imeachana kama mtu aliyezoea kukumbatia mti. Akaukumbatia mnazi. Akajiangusha. Akalala. Na watu wanacheka huku wanalia. Kisha akanyanyuka, akajikung'uta mchanga.

Si niliwaambia? Ndivyo nilivyosema moyoni. Si niliwaambia watani hawafi?

Nikakimbia ndani. Mama mdogo alikuwa amekaa katikati ya wanawake, mikono mapajani, hina imekauka na kupasuka hajabanduliwa. "Mama mdogo! Kaamka! Njoo uone, Madoa kaamka, anajikung'uta!"

"Nyamaza, mtoto!" wanawake wakanikemea. Lakini yeye alikwisha kunitazama. Mpaka leo nikifumba macho nauona uso ule. Aliniamini. Mwanamke mzima, mwenye akili zake, aliniamini mimi mtoto nisiye na meno, akanyanyuka, kanga ikadondoka, akatoka kichwa wazi mbio kwenye jua.

Chande alimwona akija. Akaivua kofia taratibu. Mama mdogo akasimama ghafla, mikono mbele, karibu amguse.

"Chande," alisema. "Umeniulia mume."

Kisha mzee mmoja wa Kiyao akapiga goti lake. "Haya! Mmakonde kajibu!" Na uani wote ukacheka, kwa sababu ndiyo maneno yenyewe. Katika kila msiba wa kwetu mfiwa humwambia mtani wake, wewe ndiye uliyemla. Alikuwa Mmakonde, na Chande ni Myao, na neno lolote kati yao lilikuwa ni utani tayari.

"Si utani!" akapiga kelele. "Nasema kamuua! Kapaka grisi makusudi! Mkamateni!"

"Mkamateni!" vijana wakaitikia, wakaja na kamba ya ng'ombe, wakamfunga Chande mikono huku wanacheza. Bi Asumini akapiga kigelegele, machozi yanamtoka. Nadhani alimpenda Mama mdogo, na alidhani anamsaidia.

Chande alisimama na kamba yake, hakujitetea. Machozi yalikuwa yanapita kwenye grisi ya mashavu. Akasema, na mimi nilikuwa karibu nikasikia, "Kweli. Nimemuua. Nilitaka aanguke, Somoe. Nilitaka uone anaanguka."

Hapo ndipo walipocheka kuliko mwanzo. "Mweusi huyo! Hamumwezi Mweusi!" Walicheka mpaka mtu akahitaji kushikwa. Mama mdogo akawageukia mmoja mmoja, akitafuta uso usiocheka. Akafika kwangu. Nilikuwa nacheka, maana wote walikuwa wanacheka, na nilikuwa bado nangojea Mfaume atokee.

Akakaa chini mchangani palepale. Jeneza likampita, wanaume wakitaja jina la Mungu, naye hakunyanyua kichwa.

Tulirudi Mpapura yeye na mimi. Alipalilia mikorosho ya kaka zake mpaka alipozeeka. Waliokuja kumposa aliwapokea vizuri, akawapikia, akawakataa. Kile kiganja aliendelea kukipeleka mdomoni watu wakichekesha, kwa mazoea tu, nyuma yake hakuna kitu. Hakuniuliza kamwe kwa nini nilimwita siku ile, na mimi sikuwahi kupata maneno ya kumwambia nilichodhani nimeona. Chande aliacha lori, akaondoka. Wengine walisema karudi kwao, wengine wakasema kavuka Ruvuma. Sikumwona tena. Aliwahi kuniuliza mweusi kaenda wapi, na sasa hata mimi sina wa kumwuliza.

Basi hiyo juzi nimekaa kibarazani, mjukuu wangu mdogo kabisa, huyu wa meno yaliyong'oka, akanifuata. Akaona macho yangu. Nyuma yake televisheni inapiga kelele, na yule paka ameanguka tena, nasikia watoto wameshaanza kucheka kabla hajafika chini.

"Bibi, unalia kwa ajili ya paka?" Akanishika goti. "Usilie. Ataamka."

"Najua, mwanangu," nikamwambia. "Huyo ataamka."